Mama wa Asubuhi

Katika kikundi chetu kila mtu ana cheo isipokuwa Elinipa. Koikai ni mwongozaji, Silantoi ni mpiga picha, na mimi, Gerson, ni mtu wa sauti. Elinipa ukimuuliza yeye ni nani atakuambia, "Mimi nashona." Anashona, ni kweli. Lakini ndiye pia anayetupa noti ya kuanzia tukitaka kuimba, ndiye anayetupikia loshoro, ile ya mahindi na maziwa mgando, tukiwa na mazoezi ya kutwa, na katika kila filamu na kila mchezo wa jukwaani tuliowahi kufanya, mama ni yeye. Amekuwa mama wa bibi harusi, mama wa mwizi, mama wa mheshimiwa. Watoto wa kuwazaa mwenyewe hana. Sisi tumempa wengi, na baadhi yao wana ndevu.

Kikundi chetu kinaitwa Bandani kwa sababu kiko bandani. Lilikuwa banda la kuku wa nyama huko Lemara, mpaka mwenye kuku alipochoka kuzika kuku akaamua kupangisha watu. Kuta tumezibandika trei za mayai ili sauti isirudi, na siku ya mvua harufu ya wapangaji wa zamani inapanda kana kwamba hawajahama. Humo ndimo tunamofanya mazoezi, kurekodi nyimbo, na kuhariri filamu zetu fupi kwenye kompyuta inayonguruma kuliko mashine ya kusaga. Nalalamika sana kuhusu kelele, najua. Bodaboda, majogoo, ndege za watalii, watu wanaokohoa wakiambiwa wanyamaze: vyote hivyo ni maadui zangu binafsi.

Elinipa alitujia kwa ajili ya kazi ya cherehani. Alikuwa na kibanda chake Kimandolu, akishona sare za shule na magauni meupe ya kipaimara, na Koikai akamwomba aje apime waigizaji wetu mavazi. Akaja na futi yake shingoni. Sisi tulikuwa tunajifunza wimbo wa mchezo, yeye akawa anapima huku akikunja uso, na mwishowe uvumilivu ukamwisha. "Jamani, samahanini," akasema. "Huo wimbo mnauua." Akatupanga upya, sauti ya kwanza hapa, ya pili pale, akatuimbisha kwa do-re-mi mpaka trei za mayai zikatetemeka. Tangu siku hiyo hakuondoka.

Kuimba alifundishwa na kaka yake, Frederick. Na hapa ndipo maisha ya Elinipa yalipo, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Kwao ni juu ya Usa River, kwenye miteremko ya Meru, kahawa na migomba mpaka unaposhindwa kuona nyumba ya jirani. Walizaliwa wanne: Frederick wa kwanza, kisha Penina, kisha Ndesanjo, halafu muda mrefu ukapita mpaka watu wakadhani basi, ndipo akaja Elinipa. Baba yao alifariki Elinipa akiwa bado anabebwa mgongoni. Baada ya msiba mama yao akaanza kunywa pombe ya ndizi. Alianza kidogo kidogo, kisha hakukuwa na kidogo tena. Frederick ndiye aliyemlea mdogo wake. Alimwosha, akampeleka shule, akamfundisha noti jioni wakichambua kahawa, ili asisikie mama akirudi njiani anaimba ovyo. Mama alifariki Elinipa akiwa darasa la saba. Frederick akawa mzee wa kanisa na mwalimu wa kwaya ya usharika, mtu wa koti na tai hata jua likiwaka, na jambo la mama likafungwa. Nyumbani kwao hakuna aliyelitaja tena.

Sasa, kabla ya korona, tulifanya mchezo mmoja uliokuwa na mwanamke mlevi. Elinipa akapewa nafasi hiyo, na alipoanza mazoezi sote tuliacha tulichokuwa tunafanya. Hakuyumbayumba kama wanavyofanya waigizaji wavivu. Alitembea kwa uangalifu mkubwa, kama mtu aliyebeba maji kichwani, akisalimia watu kwa heshima iliyozidi, akicheka kabla ya kusema. Nilimuuliza amempata wapi mtu huyu. Akanijibu bila kuficha, "Huyu ni mama yangu."

Mchezo ulionyeshwa Makumira, karibu na kwao, na Elinipa akamwalika kaka yake. Alitaka amwone. Alitaka sana, maana alikuwa hajawahi kufanya jambo zuri kiasi kile na mtu pekee aliyetaka alione ni yeye. Frederick alikuja na nusu ya kwaya, akakaa mstari wa mbele. Mlevi alipoingia jukwaani na kusema "shikamooni" kwa watu waliokuwa wadogo kwake, ukumbi mzima ulicheka. Frederick alisimama. Alivuka miguu ya watu akiomba radhi kwa sauti ya chini, akatoka, na toka siku ile hakumsemesha tena dada yake.

Si kwamba aligomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Krismasi Elinipa alipanda nyumbani, kaka akawa shambani mpaka giza. Kwenye msiba wa shangazi walipeana mkono kama watu wa mikoa tofauti. Simu ilikuwa inaita mpaka inakata. Elinipa alifanya kila alilojua, alituma watu, alituma salamu kwa Penina, akashona hata koti, ambalo lilipokelewa na mke wa Frederick na halikuonekana likivaliwa. Kuna mchana nilimkuta Bandani peke yake ameacha cherehani, anaimba sauti ya pili ya wimbo fulani wa kanisani. Sauti ya pili peke yake, bila wimbo wenyewe, ni kitu cha kusikitisha. Nikamuuliza mbona haimbi wimbo wenyewe. Akasema, "Ya kwanza anaimba Fredi." Nilitoka nje nikajidai naangalia nyaya.

Mwaka jana Koikai akaandika filamu fupi. Mwanamke anarudi kwao mlimani baada ya miaka mingi, amebeba sale, kumwomba msamaha mzee wa familia, na mzee anakataa. Unajua hadithi hiyo ilitoka wapi. Koikai hana aibu ya kuokota vya watu. Alimsomea Elinipa, na Elinipa akasikiliza mpaka mwisho akasema kitu kimoja tu.

"Sale haikataliwi."

Kwa asiyejua: sale ni ule mmea wa majani marefu ya kijani unaopandwa mipakani, kwa Wameru na kwa Wachaga pia. Mtu aliyekukosea akikuletea jani lake umekwisha. Hata kama alikuchomea nyumba, unalipokea. Koikai kwao ni upande wa pili wa mlima, wanakofuga, na mwenyewe amekulia mjini, sale anaziona kwenye maua ya watu.

"Ndiyo maana, dada," akasema. "Haikataliwi, halafu huyu anakataa. Watu watashika vichwa."

"Watashika vichwa kwa sababu haipo," Elinipa akajibu. Lakini akakubali kucheza. Na Koikai alipokuja na habari kwamba amepata uwanja mzuri wa kupigia picha kwa jirani, Mzee Eliasi, ambaye shamba lake linapakana na la Frederick, nilidhani atakataa. Hakukataa. Aliniambia tukiwa tunakunja mavazi, "Nitakuwa upande huu wa mpaka. Labda atasikia sauti yangu. Hata asiponijibu, Gerson, nataka asikie tu."

Sisi Bandani tuna desturi moja: wazee wa kwenye filamu tunawachukua palepale tunapopigia picha. Koikai anasema mzee wa mjini hajui kukaa kwenye kigoda. Kwa hiyo mzee wa kukataa sale akawa Mzee Eliasi mwenyewe, na akafurahi kweli kweli. Alinyoa ndevu. Alikariri maneno yake yote, ambayo yalikuwa mawili: "Rudi ulikotoka."

Asubuhi ilikuwa safi, mlima umejitokeza wote. Nilimfunga Elinipa maiki ndogo ndani ya kitenge, nikavaa hedifoni, nikawatishia majogoo. Koikai akasema tuanze. Elinipa akaingia uani na jani lake, akapiga magoti, akasema maneno ya kuomba msamaha. Mzee Eliasi akanyoosha mikono yote miwili akalipokea. "Karibu nyumbani, mwanangu," akasema.

"Kata! Mzee, unatakiwa ukatae."

"Ala! Kweli. Nisamehe, baba. Tuanze."

Wakaanza. Akalipokea tena. Mara ya tatu aliweka mikono nyuma kama askari, akafumba macho, akang'ata meno, jasho likamtoka. Elinipa akasema maneno yake yote, na mwisho wake ile mikono ikachomoka yenyewe ikalichukua jani.

"Koikai, mwanangu," mzee akasema, kwa kweli amechoka, "nitafutie kitu kingine nikatae. Nitakataa nyama. Nitakataa hata kiti cha mbele kanisani. Hiki mikono yangu haijui."

Tulicheka wote. Silantoi alikaa chini kabisa. Nami nikiwa nacheka nikasikia kwenye hedifoni pumzi ya Elinipa inakatika, nikainua uso. Ng'ambo ya mpaka, kati ya mibuni, alikuwa amesimama Frederick, mkasi wa kupogolea mkononi. Sijui alikuwa pale tangu lini.

"Mzee Eliasi," akasema. Hakumtazama dada yake. "Sale haichezewi. Unawaruhusuje?"

Elinipa, akiwa bado kwenye magoti, akamgeukia kaka yake akamnyooshea jani lilelile. Sikuwahi kumwona mtu akitaka kitu namna ile.

Frederick akalitazama jani. "Hilo limeshachezewa mara tatu," akasema, bado kwa Mzee Eliasi. "Halina kitu." Akatupa kisogo.

Kwa kweli nilimchukia mzee huyo. Koti lake, kwaya yake, haki yake yote. Lakini Elinipa hakulia. Aliweka jani chini, akainuka, akavumbua upenyo kwenye mpaka akapita, maiki yangu bado kifuani mwake. Pale mpakani sale ziko nyingi, zimesongamana. Akainama akashika moja.

"Siyo hiyo."

Frederick alikuwa amesimama, bado ametupa mgongo, shingo tu ameigeuza kumtazama. Elinipa akabaki ameinama.

"Hiyo ni ya Mzee Eliasi," Frederick akasema. "Ya kwetu ni hiyo ya juu. Aliipanda baba."

Akageuka, akampa mkasi.

Yalikuwa ndiyo maneno yake ya kwanza kwake tangu Makumira. Nilizima kurekodi. Kusikiliza sikuzima, na sitamwomba mtu radhi kwa hilo. Silantoi alinyanyua kamera, Koikai akavua kofia yake akaifunika lenzi. Naandika hili ili ijulikane kwamba Koikai naye aliwahi kufanya jambo la maana.

Elinipa alikata jani la baba yake, akapiga magoti kwenye majani makavu ya migomba, akalitoa. Hakusema yale maneno ya Koikai. Alisema, "Kaka, nilikuumiza. Sikujua nakuumiza, nilidhani nakuonyesha." Frederick akalipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Kisha akaketi palepale chini, koti na yote.

Wakakaa. Mimi ng'ambo nikashikilia hedifoni isiteleze.

"Ulimfanya vizuri mno," Frederick akasema. "Hilo ndilo lililonitoa ukumbini. Ingekuwa vibaya ningekaa. Alivyokuwa anasalimia wadogo shikamoo. Watu wakacheka. Kwaya yangu ikacheka."

"Najua, kaka."

"Hujui. Wewe ulimwonyesha mama wa jioni. Watu wote wa hapa wanamjua mama wa jioni, walimchoka. Wa asubuhi umemwacha wapi?"

Nilisikia kitenge kikisugua maiki, nadhani Elinipa alikuwa anafuta uso. Halafu akasema, kwa sauti ndogo sana, "Wa asubuhi simjui, Fredi. Nilipopata akili alikuwa ameshaondoka. Asubuhi alikuwa amelala. Sijawahi kumwona."

Kaka yake akamgeukia. Nadhani mtu yule, katika hasira yake yote ya miaka yote ile, hakuwahi kufikiri hivyo. Alikuwa anaamini wameibiwa mama mmoja, kumbe mwenzake hakupata hata wa kuibiwa.

"Alikuwa mcheshi," akasema. "Alikuwa…" Akatafuta neno, mwalimu wa kwaya, mtu anayeweza kuhubiri saa nzima bila karatasi, na neno likamkatalia. "Alikuwa anaamka kabla ya watu wote. Alikuwa… Elinipa, siwezi kukueleza."

Basi akainuka. Akavua koti, akalikunja, akamwekea dada yake magotini. Akatazama huku na huku, akaokota tawi la mbuni alilokuwa amelikata, lenye majani, akalishika kama fagio. Mzee wa kanisa, Frederick, aliyetoka ukumbini kwa sababu ya maigizo, akainama akaanza kufagia.

Mwanzoni alikuwa mbaya kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akiigiza. Mgongo mgumu, uso wa ibada ya mazishi. Kisha akafika mahali akampiga teke kuku asiyeonekana akamsema kwa Kimeru, na kuanzia hapo kiuno kikalegea, bega moja likapanda, na akaanza kutembea haraka haraka kama mwanamke mwenye mambo mengi na anayeyapenda yote. Alipuliza moto ambao haukuwapo, akakwepa moshi wake, akaucheka. Alionja uji kwa kidole akaungua, akapulizia kidole huku akicheza kidogo. Alikuwa anaimba wakati wote, wimbo wa kipuuzi kuhusu ng'ombe mvivu, kwa sauti ya juu ya mwanamke. Wala si kwa sauti ya kanisani. Mzee Eliasi, aliyekuwa kando yangu, akashika mdomo. "Ni yeye," akasema. "Jamani, ni Mama Fredi kabisa. Alikuwa hivyo."

Elinipa alikuwa ameketi na koti magotini, shingo ameiinua kama mtoto anayeonyeshwa kitu kwa mbali. Amecheza akina mama wangapi mbele yetu, na kumbe alikuwa hana wa kwake wa kuanzia. Nilimhurumia mpaka nikaona hasira.

Frederick akafika kwenye kazi ya mwisho ya asubuhi, kuamsha watoto. Akasimama mlangoni, mlango wenyewe ukiwa nafasi kati ya migomba miwili, mkono kiunoni, na akaita kwa wimbo, jina moja moja, kila moja na noti yake.

"Frediii! Peninaaa! Ndesanjooo!"

Hapo ndipo ulipokuwa mwisho. Katika asubuhi zile watoto wa kuamshwa walikuwa watatu. Frederick alibaki na mkono kiunoni, kifua kinapanda na kushuka, na mimi mtu wa sauti nilijua kabla hajafungua mdomo kwamba wimbo haujaisha, una noti moja inadai. Akaitafuta. Sauti ilikwaruza, ikakaa.

"Elinipaaa!"

Dada yake alikuwa na miaka arobaini na kitu na mvi mbili tatu. Alisimama haraka kama watoto wanaoogopa kuchelewa, koti likaanguka chini.

"Abee, mama," akaitika.